Fleti ya Wazee, Ghorofa ya Chini

...mlango, ananiuliza habari za mlango, Bwana Lürssen mchoraji wa ramani za majengo, penseli yake imesimama juu ya karatasi iliyofunika meza nzima ya jikoni kwa mama, nyumba pacha tunayotaka kujenga, nusu yangu kushoto, nusu ya kaka yangu Henning kulia, na chini ya nusu yangu fleti ya wazee, vyumba viwili na bafu lisilo na kizingiti, "Sasa Bi Gesine, kati ya ukumbi wenu na fleti ya wazazi, tuweke mlango au tuzibe?", na kabla sijafungua kinywa baba ameshajibu, "Wekeni. Ila usiwe na kitasa, watu wa damu moja hawafungiani"... hawafungiani, anasema huku anatafuna keki ya plamu, mzee wa miaka themanini na kitu, shingo imenyauka kama ya kuku, ningeweza kuishika kwa mkono mmoja nikaikaza, taratibu, mpaka keki imtokee puani, kwani nani aling'oa kitasa cha chumba chetu cha utotoni, si yeye, kwa bisibisi, Henning alikuwa na miaka tisa, amejifungia kwa sababu amevunja kioo cha karakana, na baba hakufoka, hakuwahi kufoka, aling'oa skrubu moja moja akazitia mfukoni, akaingia, nami nimejibanza nyuma ya kitanda nikasikia futi yake ya seremala, ile ya mbao ya kukunja, ikishuka, ikishuka, ikavunjika, akaendelea kwa ngumi, na sikio la kushoto la Henning halijasikia kitu tangu siku ile, naye huyo hapo mbele yangu anakoroga kahawa kama mgeni... lakini siku hizi mzee amepoa, tunaambiana hivyo kwenye simu kila Jumapili, mimi na Henning, uzee umemtuliza, halafu nani mwingine atawatunza, watu watasema nini, kijiji kizima kinamjua fundi Eckhard, mtu wa watu, mabenchi ya kanisani ni kazi ya mikono yake... mikono yake... Bwana Lürssen sasa anaeleza ukuta, kuta mbili zenye nafasi katikati, hamtasikiana hata mkigongelea misumari, anasema, na dari ya fleti vilevile, kama ulivyoagiza, Bi Gesine, ndiyo, niliagiza mimi, nene kabisa nilimwambia, akadhani ni kwa ajili ya piano ya binti yangu... na ninapoitazama ramani hii sioni nyumba, naona mtaro wa msingi, baba amelala chali ndani yake, lori linarudi nyuma, zege linamwagika, linamjaa mdomoni, linamjaa machoni, ananyoosha mkono ashike ukingo na mimi naukanyaga kwa kisigino, naukanyaga mpaka nasikia vidole vikivunjika kama vijiti vya kuwashia moto, na utamu wake, Mungu wangu, utamu wake, nimekaa na ladha hiyo mdomoni na mama ananiuliza kama nataka maziwa... mama, Roswitha wa watu, anainama kunimiminia, mkono wa sweta unapanda, na juu ya kiwiko alama nne za bluu zimejipanga, kando zimeanza kugeuka njano, na upande wa ndani ya tano, pana, ya kidole gumba, anashusha sweta haraka, na baba, bila kuacha kutafuna, "Alijigonga kwenye kabati," na hakuna aliyeuliza, mezani hapa hakuna hata mmoja aliyeuliza... kabati gani lina vidole... amepoa, tumesema miaka yote hii, amepoa, kumbe hakupoa, sisi ndio tuliohama, na mama akabaki... na dari nene ningeilipia, ningetembea juu yake na soksi zangu, ningelala juu yake usingizi mzito, na chini yangu bisibisi, skrubu, ngumi... Henning ameona pia, ameacha kukoroga, ananitazama, "Mlango, Bi Gesine?" anauliza tena Bwana Lürssen, penseli haijasogea, baba anajikatia kipande kingine, kila kitu mezani kiko vilevile, ila mikono yangu haitaki tena shingo ya mtu, imetulia, inataka koti la mama tu, lile la kijivu, na viatu vyake, na dawa zake za presha, gari liko nje, nitasimama, nitamvalisha sasa hivi, mbele yao wote, mkono mmoja, kisha ule mwingine, polepole, usije ukamuuma...