Anayeuliza Hapa Ni Mimi

Jumamosi hiyo Mwinjilisti Elieskia Mbwambo alirudi nyumbani ameshinda, lakini ushindi wenyewe ulikuwa umemkaa vibaya rohoni. Asubuhi alikuwa amewahoji wanafunzi wa darasa la ubatizo mbele ya wazee wa kanisa, kama ilivyo desturi ya mtaa wao huko milimani Upare: mwanafunzi husimama, huulizwa, naye hujibu kwa maneno yaleyale ya katekisimu, bila kupunguza wala kuongeza. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na miwili, na milima ile yote haikuwa na mtu wa kujibu kama yeye. Muulize habari za Utatu, atakujibu kabla hujafunga mdomo. Muulize kwa nini Mungu humwacha mwovu anenepe, atakupa sababu nne, na ukijifanya hujaelewa atakuongezea ya tano. Basi ikafika zamu ya Bibi Nakijwa, mjane wa miaka sabini na sita, miguu imevimba, pumzi fupi. Akakwama katikati ya maelezo ya Roho Mtakatifu, na badala ya kuomba radhi akamtazama mwalimu wake usoni. "Mwinjilisti, hebu nami nikuulize. Wewe ukishamaliza kusali, huwa unasikia nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Elieskia akahisi masikio yanawaka moto. "Bibi, anayeuliza hapa ni mimi," akasema, na palepale akalikata jina lake katika orodha ya watakaobatizwa kesho. Mchungaji hufika mtaani mara moja kila miezi mitatu, na kila aliyekuwamo kanisani aliona kwamba Bibi Nakijwa, kwa hali ile, pengine hana miezi mitatu. Elieskia aliliona hilo pia. Bibi hakubishana, alichukua mkongojo wake akatoka polepole, na hakuna aliyemsindikiza.

Mezani alikuta makande, akala vijiko viwili akasukuma sahani. "Utaratibu ni utaratibu," akamwambia mkewe, ambaye wala hakuwa ameuliza kitu. Mkewe akaenda zake bustanini. Elieskia akajinyoosha kitandani na viatu vyake miguuni, mchana mweupe, akijipangia moyoni sababu za kuwaeleza wazee endapo mtu angelalamika. Alikuwa amefika sababu ya tatu usingizi ulipomchukua.

Akajikuta katika nchi pana asiyoijua. Hakukuwa na jua, lakini kila kitu kilionekana hadi upeo wa macho, kwa maana nuru ilishuka kutoka mlima mmoja mrefu, ambao kilele chake hakikutazamika kwa kung'aa. Nyasi zilikuwa zimeuelekea mlima ule. Mito nayo, jambo ambalo hakuwahi kuliona, ilipanda kuuendea, taratibu, bila kelele. Elieskia akaingiwa na hofu tamu, hofu ambayo mtu hataki imtoke, na magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Kabla hayajagusa chini akadakwa mkono na bwana mmoja mnene, mcheshi, aliyenukia vizuri. "Karibu, karibu mtaalamu wetu! Usijichafue bure. Mimi ni Majivuno, ingawa wateja wangu wa kanisani huniita Bwana Uhakika. Ukumbi umejaa, unasubiriwa wewe." Akamwingiza katika jumba kubwa, ambamo watu wengi waliketi wakiwa na maswali mikononi, na kila alipojibu moja, mabinti wawili wa nyumba ile, Sifa na Makofi, walimshonea kipande kipya kwenye joho alilovikwa. Alijibu habari za dhambi ya asili, akashonewa. Alijibu habari za kifo cha watoto wachanga, akashonewa tena, kwa uzi wa dhahabu. Joho likashuka hadi magotini, likafika sakafuni, ukosi wake ukapanda hadi masikioni, naye akatambua kwamba hawezi tena kuinua kichwa. "Mlima uko upande gani?" akauliza. Majivuno akacheka kwa upendo kabisa. "Achana nao. Mtu akishaweza kuueleza, ana haja gani ya kuupanda?"

Hapo mlango ukafunguliwa, na mwanamke mrefu akaingia bila viatu. Ukumbi mzima ukanyamaza, hata Makofi akaficha mikono nyuma. "Mimi ni Kicho," akasema kwa sauti ya chini. "Elieskia, unaitwa juu. Nitatembea nawe, ila tutakwenda polepole, kwa kuwa umevaa vitu vingi." Walitoka wakashika njia ya mlimani, na joho likaburuta mawe nyuma yake. Kwenye kona ya kwanza walimkuta mzee mwembamba anafagia njia. Elieskia alipoambiwa kuwa huyo ni Shaka alirudi nyuma hatua mbili, maana alikuwa amemhubiri vibaya kwa miaka mingi. Shaka hakuudhika. "Wako walionifanya nyumba wakahamia kwangu, hao wamepotea kweli," akasema huku akiendelea kufagia. "Wengine hunirushia mawe tangu mbali, nao hawafiki popote. Mimi nimewekwa njiani nipitwe. Pita, mwanangu, ila usipite umefumba macho." Kicho akaongeza, "Sikiliza neno hili ulitunze. Ulichofundisha hakikuwa uongo. Ni kweli tupu, lakini umeivaa kweli kama ngao, na sasa haikufikii."

Kadiri walivyopanda, nuru ilizidi kuwa karibu, hata Elieskia akaiona mifupa ya mikono yake ndani ya nyama. Kilele kilikuwa uwanda mpana kuliko nchi yote waliyoiacha chini, jambo lisilowezekana, nalo lilikuwa hivyo. Palikuwa na kimya. Maneno hayatoshi kukieleza, kwa sababu Elieskia alizoea kimya cha kanisa tupu, au cha watu waliokosa la kusema, na kimya hiki kilikuwa kinaishi. Kilikuwa kimeinama juu yake na kumtazama. Akaanguka kifudifudi. Akasubiri kuhojiwa, akazipanga haraka zile sehemu zote za ungamo la imani, na ulimi wake ukawa tayari. Ndipo sauti ikamjia, wala haikuwa kubwa. "Elieskia, mwanao Naeliaki alipokufa, uliwajibu watu wote kwa niaba yangu. Ulisimama kaburini ukawafariji, ukawaeleza, hukukosea hata neno. Mimi hukuniuliza kitu. Nimelingoja swali lako miaka minane."

Zile sehemu zote zikamtoka kichwani. Joho likafumuka nyuzi moja baada ya nyingine, likamwacha na shati lake la asubuhi. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni sauti ya mzazi asiyejali nani anasikia: "Alikuwa na miaka kumi na moja! Nilikesha nakuomba, nawe ukanyamaza! Kwa nini ulinyamaza?" Akaogopa mara moja, akadhani mlima utapasuka. Haukupasuka. Hakuna sababu iliyotolewa, ya kwanza wala ya nne. Nuru ilisogea tu, ikashuka hadi pale alipolala, ikakaa vumbini kando yake, na kile kimya kikamzunguka pande zote, nacho kilikuwa kimejaa, hakikupungukiwa kitu. Alipothubutu kuinua macho akamwona mtu ameketi ndani ya nuru ile, amenyoosha miguu yake iliyovimba kama yuko barazani kwake. Alikuwa Bibi Nakijwa. Hakuwa anajibu chochote. Alikuwa nyumbani.

Elieskia aliamka, jua lingali juu, mto wa kitanda umelowa. Polepole maana ikamfungukia, nayo ilimwogopesha kuliko ndoto: kimya kile cha mlimani alikuwa akikifahamu. Ni kilekile cha usiku wote aliokesha na mtoto mgonjwa. Miaka minane alikiita kukataliwa, akakifunika kwa majibu, kumbe ndani ya kimya hicho alikuwapo Mtu anamsikiliza. Akatoka bila hata kumuaga mkewe, akashuka bonde, akapanda upande wa pili hadi kwa Bibi Nakijwa, akamkuta ameketi mlangoni anachambua maharage.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kunikata na huku?"

"Nimekuja kujibu. Uliniuliza nasikia nini nikimaliza kusali." "Sisikii kitu, bibi. Tangu mwanangu afe, sijasikia kitu."

Mkono wa Bibi Nakijwa ukaacha maharage. Uso wake ukabadilika, ukawa kama wa mtu aliyetuliwa mzigo na hakutegemea. "Sikukuuliza kukuaibisha," akasema. "Mimi naongea na Mungu tangu nimzike mume wangu, asubuhi na jioni, na ni kimya. Nikasema labda ninyi mliosoma mnajibiwa, mimi ndiye nisiyetakiwa. Nilitaka kujua kabla sijaingia majini."

"Unatakiwa. Nadhani tunasikilizwa, bibi. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo, na nimejaribu njia nzima. Kesho mchungaji akiuliza nani anamsimamia mama huyu, nitasimama mimi, na wazee nitawaambia leo kwamba aliyeshindwa mtihani ni mwalimu."

Bibi akasogea, akampa nafasi mkekani. "Kaa, mwanangu," akasema. "Huyo mtoto, alikuwaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, maana siku zote yeye ndiye aliyetangulia kuwafariji wengine. Mwinjilisti Elieskia Mbwambo alifungua mdomo ajibu, akashindwa, akalia mbele ya mwanafunzi wake hadi jioni ilipoanza kuingia, na Bibi Nakijwa hakumwambia neno lolote.