Mstari Uliopanda Ukutani

Jumatatu saa nne asubuhi, mkadiriaji wa kampuni ya mtandao alichora mstari kwa kalamu nyekundu. Kazi yake ilikuwa kukisia mzigo wa mtandao kwa miaka kumi ijayo, na hesabu ilikuwa nyepesi: mzigo unaongezeka maradufu kila mwaka. Mbili, nne, nane, kumi na sita. Mstari ulipofika ukingo wa karatasi haukusimama. Ulivuka meza, ukapanda ukuta, na kabla ya chai ulikuwa umegusa dari.

Mkurugenzi alishuka kutoka ghorofani, kikombe mkononi, akauruka ili usimchafue suruali.

"Dada, maradufu mwaka huu, sawa. Na mwakani tena?"

"Kila mwaka, bosi. Maradufu ya maradufu."

"Aa, maradufu ni mara moja. Mtu akishashiba, anashiba tena?" Akacheka peke yake, akachukua rula, akachora mstari wake ulionyooka. Ule ulitulia karatasini kwa adabu.

Mkadiriaji aliwaka. Mdogo wake alikuwa mkunga katika zahanati iliyo mwisho wa kebo moja tu, na daktari bingwa alikuwa akimwelekeza kwa video. Kebo ya pili ilikuwa imeshaombwa mara tatu. Rula ikasema haihitajiki.

Mwaka wa kwanza mstari ulitoboa dari, ukatokea ofisini kwa mkurugenzi. Akautundikia koti. Mwaka wa pili ulitoboa paa, fundi akaja kuziba kwa lami, mvua isivuje.

Mwaka wa tatu, Alhamisi mchana, mtandao ulijaa pomoni. Picha ya daktari iliganda ikisema, "Bana hapo." Mkunga hakuona hapo ni wapi. Mzazi alivuja damu mpaka akafa, na mtoto akabaki analia.

"Dada, si ulisema kebo inakuja?" mkunga aliuliza kwenye simu.

"Nilisema."

Mkadiriaji aliingia kikaoni bila kubisha hodi, akapiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Mama wa mtu amekufa! Nani kati yenu hakuuona mstari huu?"

Wajumbe waliutazama. Mmoja alisogeza kiti, kwa kuwa ulikuwa unamgusa bega.

"Pole sana, dada," mkurugenzi alisema. "Lakini mambo kama haya nani angeyajua?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Wakapitisha mstari wa rula kwa miaka kumi mingine, mikono yote juu isipokuwa yake. Katibu aliandika kwamba uamuzi ulikuwa wa kauli moja, na kwamba mkadiriaji hakuhudhuria.