Kuku wa Harusi ya Zita

Nyie, mimi nina diploma ya maendeleo ya jamii, nimefundishwa kuandaa mikutano ya hadhara mpaka nikachoka, lakini hakuna mwalimu aliyeniambia ufanye nini kuku akitaga kwenye kasha la tarumbeta katikati ya maigizo ya Waitaliano.

Ngoja niwaambie vizuri. Hao Waitaliano wanatoka mkoa mmoja wa milima huko kwao, kampuni yao inaitwa Tre Colli, yaani Vilima Vitatu. Kazi yao ni maigizo ya kuimba. Mtu akikasirika anaimba, akiomba chumvi anaimba, akifa anaimba kwanza halafu ndo anakufa. Kila kiangazi wanapanda lori lao wanazunguka mji kwa mji wa mkoa wao, wanasimika jukwaa, wanaimba, wanalikunja, haooo. Mpiga ngoma wao kwao ni muuza dawa. Bwana harusi anafanya kazi posta! Padri wetu alisoma huko, ndo akawaalika Mpanda, na mimi nikapewa kazi ya kutafsiri, kutoka Kiingereza chao kibovu kwenda Kiswahili changu kitamu.

Igizo lenyewe linaitwa Harusi ya Zita. Zita anaozwa kwa tajiri mwenye mashine ya kusaga. Harusini hapohapo anamkimbia, anaenda kwa muoka mikate anayempenda. Basi.

Sasa siku mbili kabla, Ornella, dada anayekuwa Zita, akaomba apelekwe Mwamkulu kwa bodaboda akaone mashamba ya mpunga. Vumbi la ile njia mnalijua. Alirudi hana sauti, anaongea kama redio ya betri zilizolowa. Ezio, mkurugenzi wao, ni mzee mwenye machozi ya karibu. Akalia.

"Aneth, tumekwisha."

"Hamjaisha," nikamwambia. "Kuna Séverine."

Séverine ni shoga yangu wa kwaya. Wiki nzima alikuwa anawapigia pasi nguo zao za jukwaani huku anaimba nyimbo za Zita mwanzo mwisho. Neno moja halielewi, ila anavyolitamka utasema kanyonyeshwa huko. Ezio alipomsikia akalia tena, safari hii kwa furaha.

Tatizo likawa moja tu, Gratien. Huyu ndo mchumba wake Séverine. Wote wawili kwao Mishamo, familia za asili ya Burundi, na wiki hiyohiyo masenge wake Gratien, yaani shangazi yake, Mama Generosa, alikuwa anakuja Mpanda kumtazama binti kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka zizini. Masenge akisema hapana, ni hapana. Hata babu hafurukuti.

"Aneth, huyo mama aje anikute naolewa na mzungu, halafu namkimbia?" Séverine aliniuliza.

"Si maigizo?"

"Haya, mweleze wewe."

"Kwanza hatakuja. Mtu katoka safari, atakuwa kalala na miguu yake kwenye beseni la maji ya moto."

Akakubali. Si kwa sababu ya maneno yangu, ila moyo wake ulishakuwa kwa Zita.

Kumbe katekista wetu, Fredrick, alishatangaza kanisani: "Jumamosi saa tisa alasiri, uwanja wa parokia, Harusi ya Zita. Wote mnakaribishwa." Akakaa. Neno maigizo hakulitaja! Sasa niambieni, Mpanda hii mtu akialikwa harusi anaenda mikono mitupu, kwani yeye ni inzi?

Jumamosi uwanja umejaa watu wa mtaa wa Majengo wote na nusu ya mtaa wa Shanwe. Na mstari wa mbele, kitenge kipya, kuku kwapani: Mama Generosa. Gratien pembeni yake anatoka jasho kama chupa ya soda.

Mwanzo ulienda vizuri. Séverine anaimba, watu kimya, mimi natafsiri kwenye maiki. Halafu ikafika harusi, Waitaliano wakapiga matarumbeta.

Jamani, matarumbeta! Na bibi harusi kasimama mbele na shela! Nani wa Mpanda atabaki kakaa? Foleni ikajipanga yenyewe, watu wanacheza wanapanda jukwaani na zawadi. Sufuria, kanga, mchele, beseni la Sospeter muuza mchele. Yule bwana harusi wa posta akapewa jembe, akalikumbatia.

"Aneth! Hii haipo kwenye igizo!" Ezio akaniita kutoka nyuma ya pazia.

"Sasa ipo!"

Mama Generosa akapanda wa mwisho, anacheza kwa heshima zake. Akamlaza kuku kwenye kasha la tarumbeta lililokuwa wazi, ndani lina kitambaa chekundu laini, akamtazama Séverine kuanzia shela mpaka kidole gumba cha mguu, akashuka. Séverine kwa woga sauti ikapanda juu, watu wakapiga vigelegele.

Halafu Zita akavua shela. Nami nikatafsiri, "Zita anasema hampendi huyu bwana. Anaondoka zake."

Sospeter akasimama. "Anaondoka na beseni langu?"

"Jamani, ni maigizo!" nikasema.

Mama Generosa naye akasimama. "Maigizo najua, mwanangu. Ila kuku wangu si wa maigizo."

Uwanja ukalipuka. "Haendi mtu! Vitu vya watu ameshapokea!" Matarumbeta yakanyamaza. Muoka mikate kule pembeni mikono kaifungua, anasubiri, mkate chini ya kwapa.

"Wanasemaje?" Ezio akauliza.

"Wanasema Zita haruhusiwi kukimbia."

"Lakini anakimbia kila mwaka!"

Nikamwangalia Séverine. Macho yake yalikuwa kwa Mama Generosa, na nikajua anawaza ng'ombe walioko zizini. Akikimbia, Gratien basi. Asipokimbia, Waitaliano watakuwa wamevuka bahari kuja kuaibika.

Akamgeukia mpiga tarumbeta, akamwashiria: piga.

Akainama, akachukua beseni, akaanza wimbo wa kukimbia, uleule wa Kiitaliano, huku anacheza mpaka kwa Sospeter. Akapiga goti, akamrudishia kwa mikono miwili. Akarudi, akachukua sufuria. Kisha kanga. Kila mtu na chake, na majina yao anayachomeka humohumo kwenye wimbo, "Paskaliaaa! Wilbertooo!" Jembe akamnyang'anya bwana harusi, maana alikuwa kalikumbatia bado.

Akabaki kuku. Séverine akamnyanyua, na chini yake, kwenye kitambaa chekundu, yai!

Mabishano yakaanza hapohapo. "Hilo la bwana harusi!" "Kasha la nani? La Waitaliano, basi yai lao!" "La parokia!"

Séverine akaacha kuimba. Kuku kwapani, yai kiganjani, akashuka mpaka mbele ya Mama Generosa, akapiga goti.

"Masenge, kuku wako huyu. Na hili kalitaga akiwa kwangu, lakini ni lako."

Mama Generosa akalipokea yai, akalitikisa karibu na sikio, akalifunga kwenye pindo la kitenge.

"Nenda sasa, mwanangu," akasema. "Nenda kwa muoka mikate wako."

Nyie! Séverine alikimbia mpaka kiatu kikabaki, watu wanapiga kelele utasema timu imefunga goli, Ezio analia, mimi nalia, natafsiri mpaka vigelegele.

Baadaye nikamkuta Gratien nyuma ya jukwaa, anasubiri hukumu ya masenge wake.

"Huyu oa," Mama Generosa akamwambia, kuku kwapani. "Hata akikukimbia, ng'ombe wetu watarudi wote, na ndama wao."