Leo Hapakatwi Kitu

Mama yangu, Skaidrīte, alivunjika nyonga wakati wa baridi, na kaka yangu Gundars akaamua kwamba maisha ya shamba basi. Akamhamishia kwake ghorofani, Riga, akampa chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Mama hakubisha. Alifanya mazoezi ya mguu, alimshukuru mkwewe kwa kila kikombe cha chai. Kisha, siku chache kabla ya Jāņi, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, akachukua mkongojo wake, akapanda basi, akarudi shambani bila kumuaga mtu.

"Kufa nitakufa," aliniambia kwenye simu. "Lakini si kwa kuhesabu magari ya watu. Njooni wote, na mje na bia."

Tukaenda. Hata Gundars alikuja, uso umemvimba kwa hasira, pamoja na mkewe Agrita na binti zao wawili. Jāņi haikosekani. Usiku ule mfupi kuliko mwingine wowote haukipokei kichwa wazi: wanaume huvaa mataji ya majani ya mwaloni, wanawake mataji ya maua, na hayo maua hayanunuliwi. Unayachuma mwenyewe.

Ya kwetu yako kando ya barabara ya vumbi, kuanzia kwenye mteremko hadi darajani. Mwaka huo yalikuwa yamefurika: meupe yenye moyo wa njano, ya buluu yaliyotoroka shamba la ngano, na yale madogo ya manjano yanayonukia asali. Asubuhi ya mkesha tulitoka na vikapu, watoto wakitangulia mbio. Hatujachuma hata shada moja, tukasikia trekta. Lilikuwa linateremka polepole, na mashine ya kukatia nyasi pembeni, likiacha nyuma yake ukanda mtupu kama kichwa kilichonyolewa.

Mama alisimama akalitazama.

"Agrita mwanangu, tandika blanketi."

"Wapi, mama?"

"Pale mbele yake. Kwenye maua."

"Mama, tafadhali," Gundars akasema. "Hii ni barabara ya serikali. Utatutia aibu."

"Aibu ni kumfungia mamako na magari. Kaa chini ukate jibini."

Gundars hakukaa. Sisi tulikaa. Tukatoa jibini la kisibiti, mkate mweusi, maandazi ya nyama ya nguruwe na stroberi, tukaanza kula. Trekta likaja likasimama mbele yetu. Dereva, kijana wa mkoa mwingine aliyeitwa Uldis, akachungulia, shingo imeungua na jua.

"Bibi, nipisheni. Nimetumwa."

"Nani kakuzuia? Pita. Pita juu ya jibini."

"Nitapitaje, nanyi mmekaa?"

"Basi njoo keshokutwa, nitakushikia hata reki. Leo hapakatwi kitu."

Sasa, siku ile desturi ni kutupiana vijembe kwa nyimbo, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Mama akatafuna, akameza, akaanza kwa ile sauti yake ya mkwaruzo, na kile kiitikio cha sikukuu, līgo:

*Dereva kaja na meno ya chuma, līgo, līgo,*
*Kwao hakuna hata ua la kuchuma, līgo!*

Tukaitikia kwa nguvu. Masikio ya Uldis yakawa mekundu. Akazima injini. Nilidhani atatukana, lakini alikohoa, akajibu:

*Bibi kakaa njiani kama gogo, līgo, līgo,*
*Ataka taji apate bwana mdogo, līgo!*

Mama alicheka hadi akaishika nyonga yake. "Huyu kalelewa! Shuka ule, mwanangu." Uldis akashuka, akapewa andazi.

Ndipo likaja gari jeupe, akatoka msimamizi wake, bwana mmoja aitwaye Raitis, simu mkononi.

"Uldis! Mbona mashine imezimwa?"

"Nimekaribishwa chakula, bosi. Watu wamekaa, siwezi kuwakata."

"Ninyi, ondokeni! Nitawaita polisi."

"Waite," Mama akasema. "Uwaambie waje na njaa."

Raitis akamgeukia Gundars, aliyekuwa bado amesimama peke yake na shati lake la kupigwa pasi. "Wewe unaonekana mtu mwenye akili. Waambie watu wako."

Gundars alimtazama Mama. Kaka yangu tangu utotoni hajawahi kuvuka hata uzi wa mtu. Akavua viatu, akavipanga vizuri kandokando, kisha akalala chali mbele ya gurudumu la trekta, mikono kifuani.

"Mama amesema leo hapakatwi kitu," akasema akitazama mawingu.

Hakuna aliyecheka. Agrita alifunika mdomo kwa kitambaa.

Raitis alipanda trekta mwenyewe, akarudi nyuma, akavuka, akakata upande wa pili wote hadi darajani. Hatukuweza kukaa pande zote mbili. Mpwa wangu mdogo alilia kuona maua yakilala. Mama hakulia. Alivuka barabara na mkongojo wake, akainama kwa shida, akaanza kuokota yaliyokatwa, moja moja.

"Mama, nyonga yako," Gundars akamwambia.

"Nyonga ni yangu. Lete kikapu."

Akaleta. Wakaokota pamoja, naye Mama akasuka taji la yale yaliyokatwa, yakianza kunyauka, akalivaa. Sisi tukavaa ya upande wetu.

Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, tumejaza barabara yote, Uldis katikati yetu akiwa na taji la mwaloni. Nyuma yetu likaja gari jeupe, likakosa pa kupita. Raitis akapiga honi. Mama hakugeuka. Akapiga tena, na tena, na Mama akaingiza wimbo mpya juu ya ile honi, akiifuata kama ngoma, tukaitikia njia nzima.