Pini Kati ya Midomo

Mwanangu alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini amezibana kwa midomo, mama wa bibi harusi alipomwuliza ameokota nini. Hakujibu. Fundi mwenye pini mdomoni hajibu. Akifungua kinywa zitamwagika, au atazimeza. Alitikisa kichwa tu, akachomeka pini moja kwenye pindo la gauni, kisha nyingine, kisha nyingine, kwa utulivu uleule niliomfundisha mimi, huku mama wa bibi harusi akimtazama kutoka kwenye kiti. Alipopata nafasi ya kusema, "Nimeokota pini, mama," swali lilikuwa limekwisha kujijibu lenyewe.

Sikuwepo. Nasimulia kama niliyekuwepo kwa sababu nimeyasimulia mara nyingi mno, na hapo ndipo ninapotaka mzazi mwenzangu anisikilize.

Mimi ni fundi wa nyumbani. Zipu iliyokufa, suruali iliyopwaya, kiraka cha goti, ndiyo kazi yangu. Cherehani iko karibu na mlango ipate mwanga, na watoto wangu wote walitambaa chini yake. Ndiyo maana nyumbani kwetu pini haikulala sakafuni. Ikianguka, unainama papo hapo, unaibana mdomoni, unaendelea na kazi. Kitindamimba wangu alilijua hilo kabla hajajua kuandika. Wenzake walicheza mama na baba. Yeye alicheza fundi, na njiti za kiberiti kati ya midomo.

Alipokua akapata kazi kwa Bi Mkasi, mshonaji wa magauni ya harusi. Tulimwita hivyo kwa sababu ya ulimi wake mkali, maana mkasi wenyewe alikuwa ameshawaachia vijana wake. Kiwanda chake kilikuwa na chumba cha kujaribia nguo, pazia zito, na kioo kirefu kinachomwonyesha mtu mpaka visigino. Mbele ya kioo hicho ndipo mwanangu alipoinama. Jioni ya siku hiyo hereni ya dhahabu ya bibi harusi haikuonekana.

Hakuna aliyemwita mwizi, na nataka jambo hilo lieleweke. Yule mama alisema tu, "Mimi nilimwona akiokota kitu na kukitia mdomoni." Bi Mkasi naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakosa maneno makali. Alimwambia mwanangu, "Pumzika nyumbani kidogo, binti. Tutaitafuta."

Yeye akapumzika. Mimi ndiye sikupumzika.

Nilianza kwa muuza mboga wa pale kona. Nikahamia bombani, nikaenda kwa muuza mkaa, nikarudi kwa muuza mboga. Nilieleza jinsi fundi anavyobana pini. Niliinama palepale kwenye tope, nikaokota kijiti, nikakitia kati ya midomo ili waone. Muuza mboga aliniacha nimalize, kisha akaniuliza, "Kwani nani kasema kaiba, mama?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana nakwambia."

Wahenga walituonya tusimwage mtama penye kuku wengi. Mimi nilimwaga gunia zima, kisha nikawaita kuku waje.

Hereni ikapatikana. Bi Mkasi mwenyewe alikuwa anafumua kiuno cha lile gauni akaikuta imenasa kwenye bitana, imelala kama punje. Alikuja kwangu kwa miguu yake. "Mrudishe mtoto kazini," akasema, "na mimi unisamehe." Nilimkumbatia. Hata chai hajamaliza, nilikuwa nimeshajifunga kanga niende kuwaambia watu.

Nikapita njia zilezile. Mwanamke mmoja niliyemkuta bombani, ambaye sikuwahi kumweleza lolote, akashusha ndoo yake. "Kumbe kuna kitu kilipotea?" Na muuza mboga akatikisa kichwa kwa huruma. "Afadhali imerudishwa, mama."

"Haikurudishwa. Ilikuwa kwenye bitana."

"Ndiyo hivyo. Imeonekana, tushukuru." Aliyasema polepole, kama anayemfunika mgonjwa shuka.

Huko kazini, mabibi harusi wakaanza kuvua hereni na kuzitia mikobani kabla ya kusimama mbele ya kioo, na mama zao wakaipakata mikoba. Bi Mkasi akamhamishia mwanangu chumba cha nyuma, kushona vifungo. "Si mimi," aliniambia, "ni wateja." Nikamwuliza wateja wameambiwa na nani. Akanitazama tu. Kwa ulimi ule, kunitazama tu ilikuwa ni hisani.

Ndipo mwanangu alipokuja na kitabu. Ilikuwa siku ya mapumziko, mimi nafumua pindo la sketi ya mtu, naye akavuta kigoda. Kilikuwa kitabu chakavu cha hadithi za zamani za Wafaransa, zilizotiwa katika Kiswahili. "Nikusomee moja, mama. Fupi."

Hadithi yenyewe ni ya mzee bahili aliyeinama njiani akaokota kipande cha kamba. Hasimu wake akamwona. Mzee akaona haya kuonekana anaokota takataka, akajifanya anatafuta kitu kingine. Baadaye pochi ya mtu ikapotea, na wote wakakumbuka kwamba mzee aliinama.

Mwanzoni nilicheka, maana na mimi kamba siiachi. Kisha vidole vyangu vikasimama juu ya sketi. Pochi ikapatikana, lakini mzee hakuacha kueleza. Alieleza sokoni, akaeleza njiani, akawaeleza hata wasiomjua, na kila alipoongeza ushahidi, watu walizidi kukonyezana. Alikufa akiwa bado anaeleza.

"Kwa nini mzee huyu asinyamaze?" nikauliza.

Mwanangu aliweka kidole kwenye ukurasa. "Hilo ndilo nililokuwa nangoja uulize, mama."

Nilimkasirikia aliyeandika. Mtu wa mbali, aliyekufa zamani, ambaye hakuwahi kuisikia cherehani yangu. Alikijuaje kinywa changu? Mimi niliishia darasa la saba, na vitabu vyetu vya darasani vilikuwa na funzo mwishoni: mtoto mkaidi kafanywa hivi, mvivu kafanywa vile. Hiki hakikuwa nalo. Nikamwambia mwanangu ageuze ukurasa, labda limeandikwa nyuma. Akageuza. Ilikuwa hadithi nyingine.

Nikaapa kunyamaza, na nilikuwa nakusudia kwa moyo wote. Kesho yake akaja mwanamke na zipu ya begi la mtoto. Kabla hajaketi nikamsikia mtu akisema, "Unajua, watu wanadhani fundi akiinama..." Alikuwa mimi. Huko ndani mwanangu akaufunga mlango wa chumba chake bila kishindo.

Rafiki yake alimtafutia nafasi mji mwingine, kwa fundi asiyetufahamu. Siku ya kuondoka alikuwa ananishikizia mkono wa blauzi, pini ikamponyoka. Akainama upesi kama alivyozoea, akaiokota, akaipeleka mdomoni. Mkono ukasita njiani. Akaiweka mezani.

"Ukitaka kunitembelea, njoo," akasema. "Ila usinieleze kwa mtu."

"Hata kwa wema?"

"Kwa wema hasa, mama."

Mzazi mwenzangu, nilikaa kuandika haya nikidhani nitajua la kukuonya nikifika hapa. Ulimi wa mzazi ni mrefu kuliko wa hasimu, hilo nimelijua, na jina la mtoto halisafishwi kwa kuoshwa mbele za watu. Ningependa kuishia hapo, kama vitabu vya darasani.

Lakini wiki iliyopita nilikwenda kununua nyanya. Muuza mboga akazipanga kwenye mizani, akaniuliza kwa upole, "Kitindamimba wako simwoni siku hizi. Yuko wapi?"

Maneno yote yakanijaa: mji mwingine, kazi nzuri, kwa hiari yake, hakufukuzwa. Nikayabana. Nikakaza midomo kama mwenye pini, nikatikisa kichwa.

Mkono wake ukabaki juu ya mizani. Akanitazama jinsi nadhani yule mama wa bibi harusi alivyomtazama mwanangu kutoka kwenye kiti.

"Pole, mama," akasema. Akaniongezea nyanya moja, ya bure.