Karakana Iliyonong'ona

Fundi mkuu wa karakana yetu ya ushonaji tulimwita Radi, kwa sauti yake. Akiagiza uzi mweupe akiwa karakanani, muuza uzi wa mtaa wa pili alikuwa anaufunga bila kutumiwa mtu. Basi siku moja koo likamvimba, daktari akamkataza kupaza sauti, akaingia kazini akinong'ona kama mwizi anayesali.

Sisi nasi, kwa kumwonea huruma, tukanong'ona. Hakuna aliyeamua. Mmoja alianza, wa pili akaona haya kuwa yeye ndiye mpiga kelele, na kabla ya saa ya chai tulikuwa tunazungumza kama watu waliojificha kabatini. Mafundi wapya wakaja, wakadhani ni sheria ya kazi. Wateja wakawa wananong'ona vipimo vya viuno vyao, na hilo walilipenda. Msinibishie: hata paka wa stoo aliacha kulia, akawa anafungua mdomo tu.

Miezi ikapita. Kila mmoja wetu alikuwa amechoka, na kila mmoja aliamini wenzake wanaipenda hali ile. Nikifika nyumbani nilimnong'oneza mke wangu anipitishie chumvi, naye akauliza ni nani amelala.

Sasa, binti yangu wa mwisho alikuwa anaolewa Jumamosi. Gauni nilikuwa nimshonee mwenyewe, kwa hariri nyeupe aliyoachiwa na marehemu bibi yake. Nyingine kama ile haikuwepo. Asubuhi moja wiki hiyo nikaipiga pasi, nikaitandaza kwenye meza kubwa ya kukatia ipoe, nikatoka kidogo kunywa chai.

Nilisahau tunashona sare za shule. Zile hazikatwi moja moja. Unatandaza kitambaa juu ya kitambaa mpaka rundo liwe nene kama godoro, kisha kisu cha umeme kinapita, suruali za darasa zima zinatoka. Niliporudi, rundo la kaki lilikuwa mezani, na chini yake kabisa, upande wangu, upindo mweupe ulichungulia. Radi alikuwa ameshawasha kisu upande wa pili, anakuja nacho.

Wenzangu walikuwa wameuona. Nilijua kwa jinsi walivyotazamana.

"Hicho si cha bibi harusi?" akaninong'oneza Bi Vifungo, mshona vifungo wetu.

"Ndicho."

"Ee Mungu wangu! Si umwambie?"

"Nimemwambia. Kisu kinaunguruma, hasikii."

"Mwambie kwa nguvu, baba!"

"Kwani wewe huna mdomo?"

"Mimi? Nionekane sina adabu, peke yangu?"

Mpiga pasi naye akanong'ona, "Fundi, simama." Fundi wa zipu akanong'ona, "Fundi, subiri." Watu wazima, tumejipanga mstari, tunatoa pumzi kama matairi yenye pancha. Na kisu kinakuja. Nikamwona binti yangu mbele ya wakwe zake, amevaa matundu.

"WEWE RADI, ZIMA!"

Sauti iliyolala miezi yote ile ikatoka kwa mkupuo. Vifungo viliruka kutoka bakulini, na kofia ya mteja aliyekuwa mlangoni iliokotwa ng'ambo ya barabara. Radi akazima kisu, akanigeukia polepole. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha.

"Hatimaye!" akanguruma, madirisha yakatetemeka. "Nilidhani mtanizika hivi hivi!"

"Koo limepona?" Bi Vifungo akauliza, bado ananong'ona.

"Lilipona wiki ileile! Nikaja niwaambie, nikakuta nyote mnanong'ona. Nikasema, kumbe sauti yangu iliwakera hawa, hawakuwa na pa kusemea. Nikajinyamazia zangu."

"Yaani wewe unatufuata sisi, na sisi tunakufuata wewe?" Bi Vifungo akapiga ukelele wa kwanza tangu aajiriwe.

Tulicheka mpaka cherehani mbili zikashona zenyewe. Tukafunua kaki, tabaka kwa tabaka. Hariri ilikuwa nzima, kisu kimesimama upana wa kidole tu kabla ya kuifikia. Nikakaa sakafuni nimeikumbatia.

Jumamosi, harusini, binti akaulizwa kama amemkubali bwana yule. Kwa haya zake, akajibu chini chini.

Radi akainuka kwenye viti vya nyuma. "Hatusikii!"

Karakana nzima ikainuka. "Hatusikii!"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na binti, na nilisikia vizuri sana. Lakini nilipowatazama wenzangu, wote midomo wazi, nikawaza, nani abaki kimya peke yake?

"Hatusikii, mwanangu!"