Zambarau Iliyogeuka Maini

Mpwa wangu aliingia bila hodi, na mtu aliyelelewa na dada yangu haingii bila hodi ila amekuja kugombana. Kabla sijaitikia shikamoo ambayo hakuitoa, akanisukumia simu puani.

"Mjomba, hii ni rangi gani?"

Ilikuwa moja ya picha sita za vitambaa vyake nilizomtengenezea jana. Kwenye kompyuta yangu ile zambarau ilikuwa inawaka hadi paka akakwepesha macho. Kwenye simu yake ilikuwa maini ya juzi.

"Simu yako mbovu," nikasema.

"Simu mbovu." Akavuta pumzi. "Miaka mitatu nachovya vitambaa nikiitafuta rangi hii, mpaka kucha zimebadilika. Leo saa sita mchana wachaguzi wa maonyesho wanafunga kupokea picha. Wakiona maini, ndiyo imetoka."

Nikawaka na mimi. Kompyuta nimejifundisha mwenyewe, tangu enzi zilipokuwa kubwa kama kabati, na moja niliwahi kuikaripia ikajizima kwa aibu. Leo nisimangwe na mtoto niliyembeba mgongoni? Nikamwita mke wangu alete simu yake. Maini. Akaenda kuazima ya jirani. Maini, tena yaliyokauka.

"Zote tatu mbovu?" mke wangu akauliza, kwa upole ule unaokera kuliko matusi.

Nikaivuta kompyuta kwa kishindo, nikaipita upya njia yangu ya jana hatua kwa hatua. Kwenye dirisha la kuhifadhi picha ndipo nilipokuta nyayo zangu. Programu ilikuwa imeniuliza nataka wigo gani wa rangi, na mimi, ambaye sijawahi kuchukua kidogo penye kikubwa, nikachagua mpana kuliko wote. Kile kisanduku cha kuiambia simu wigo wenyewe ni upi sikukitia alama. Nilidhani ni pambo.

"Basi?" mpwa akauliza.

"Basi nimepima kwa pishi, yenye vibaba vinne, simu zinasoma kwa kibaba. Nimeandika tatu, zenyewe zinaona vibaba vitatu. Rangi imepungua njiani."

"Haikupungua njiani. Imepungua hapo ulipokaa."

Nikarudi kwenye picha ya awali, nikatoa nakala, nikaigeuza iingie kwenye wigo mdogo ambao simu nyingi huutarajia, ule wa herufi nne, sRGB. Nikatia alama kisandukuni, nikahifadhi, nikatuma. Simu tatu zikawaka sawasawa na kioo cha kompyuta yangu. Saa tano na robo.

"Haya, niombe radhi," nikasema.

Akafungua mkoba, akatoa kitambaa chenyewe, akakitandaza mezani penye mwanga wa dirisha, ubavuni mwa kompyuta. Akatazama huku, akatazama huku.

"Huu mng'ao umeutoa wapi?"

"Nimeichangamsha picha kidogo."

"Mjomba, yule mamba wa hadithi zako aliyekuomba kiberiti tunamcheka kwa sababu hakuna atakayekwenda kumwona. Hawa watakuja kukishika kitambaa. Wataniita mwongo."

"Picha bila chumvi hailiki."

"Toka kwenye kiti."

Miaka thelathini ya ofisi hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Siku ya kustaafu walinibeba pamoja na kiti. Nikatoka, nimefura kama andazi. Yeye akaanza kuurudisha nyuma ule mng'ao wangu, punje kwa punje, macho yakienda kitambaani na kurudi kiooni. Kila punje ilinichoma. Picha na kitambaa vilipolingana, akahifadhi: wigo mdogo, alama kisandukuni. Akarudia vivyo hivyo, kwa kiasi hicho hicho, kwa tano zilizobaki. Zote sita zikaondoka saa sita kasoro dakika nane.

Akakunja kitambaa chake, akamuaga mke wangu peke yake.

Nilibaki mbele ya ile zambarau nikiisakia kosa. Nilisaka mpaka chakula kikapoa mezani. Sikuliona, na hilo ndilo lililoniudhi kupita yote.